Siku mama alijua kitabu kimetoka kwa Dolly

Mama alikuja Knoxville, Marekani, 2018 kunisaidia na mtoto, na tukitoka tu airport akauliza kama hapa ndio Tennessee ya Dolly Parton. Nikamwambia ndio, kwao ni Sevier County, milimani hapo tu, si mbali. Akafurahi sana. Watu wa Nakuru mtanielewa, Jumapili kwetu ilikuwa redio na country, Jim Reeves, Kenny Rogers, halafu Dolly, na mama anaimba Jolene yote na Kizungu chenyewe hajui.

Sasa kuna siku mtu wa posta akaleta kitabu, jina la mtoto limeandikwa hapo kabisa, mtoto mwenyewe hata kichwa hajaweza kushika vizuri. Ile fomu ya kuletewa vitabu tuliijaza hospitali alipozaliwa na nilikuwa nishaisahau. Mama akashika kitabu akauliza ni nani amemtumia mjukuu wake zawadi. Nikasema Dolly. "Wee! Dolly wa Jolene?"

Ikabidi nikae chini nimweleze. Kwamba alianza na watoto wa kaunti yao 1995, kila mwezi kitabu kimoja bure, toka mtoto azaliwe mpaka afike miaka mitano, ikaenea Tennessee yote, ikaenda Canada, Uingereza, Australia, na mwaka huo wa 2018 walikuwa wamefikisha kitabu cha milioni 100. Mama anasikiza tu. Nikamwambia Dolly ni wa nne kwa watoto 12, na alipozaliwa babake alimlipa daktari na gunia la unga wa mahindi, hapo mama akacheka akasema huyo basi ni mtu wetu. Halafu nikamwambia hiyo kazi yote aliianza kwa sababu babake, mwanaume mwerevu sana kwa hesabu na shamba, hakuwahi kujua kusoma wala kuandika.

Mama pia hajui kusoma. Walisomeshwa kaka zake, yeye akabaki na ng'ombe, na sisi watoto tulikua tukimsomea barua zote na hakupenda tuliongelee hilo, kwa hivyo nilinyamaza nikingoja.

Akaniuliza, "Na huyo baba aliona hii kazi ya mtoto wake?" Aliiona, nikasema, na alifurahi zaidi kusikia watoto wanamuita bintiye mama wa vitabu kuliko hata zile nyimbo.

"Nipe huyo mtoto."

Kitabu chenyewe ni cha treni ndogo inapanda mlima, na mama akakifungua akaanza kusoma picha, page kwa page, kwa Kiswahili, treni imetoka Nakuru inapanda Timboroa imebeba viazi vya Molo, inahema, inahema, watoto wa upande ule wanangoja. Mtoto ametoa macho. Mimi nimesimama na sufuria mkononi nalia, sikutaka aache.

Walipomaliza akaniuliza kama yule jirani yetu Mrundi mwenye kasichana ka miaka miwili anajua hii maneno ya vitabu. Nikasema sidhani. Basi akanituma saa hiyo hiyo nikamjazie fomu.