Mtu aliyechoka hulala

Nimeiweka pale juu ili initoke, maana tangu Jumapili iliyopita sentensi hiyo haijaniacha. Wiki yenyewe imejaa mambo: barua ya uhamisho wa Baba Watoto imefika, ni Lodwar kama tulivyohofia, na wazee wa upande ule wametuma salamu kwamba wanataka kuja Desemba kwa habari ya Kifungua Mimba. Hayo nitayaandika yakitulia. Leo ni Shangazi na penseli zangu za kupaka rangi.

Mnajua akija kliniki ya sukari hufikia kwetu hapa Migosi, Kisumu. Safari hii aliteremka Jumamosi jioni na kuku na mfuko wa njugu. Jumapili tumekula, vyombo vimeoshwa, Kitinda Mimba ameenda kwa rafiki yake, nikatandaza vitu vyangu mezani: kitabu cha michoro ya kupaka rangi, lile boksi la penseli za rangi, kichongeo, na kipande cha manila cha kukingia ukurasa wa chini. Shangazi alikuwa kwenye kochi la dirishani, miguu juu ya stuli jinsi daktari alivyomwagiza. Mazungumzo yote yalikuwa haya:

"Mtoto amesahau kitabu chake mezani."

"Ni changu, Shangazi."

"Cha kazi?"

"Hapana. Ni cha kupumzisha akili."

Akanyamaza. Akakiangalia kitabu, akaniangalia mimi.

"Mtu aliyechoka hulala, mwanangu."

Na Baba Watoto, aliyekuwa akinywa chai pale pembeni, akatoa sauti fulani. Yeye anasema alikuwa akipuliza chai. Mimi nilisikia cheko. Nimemuuliza tena na tena, jibu ni hilohilo, nami bado nasikia cheko.

Angekuwa mtu mwingine ningepuuza. Lakini huyu ndiye aliyenisomesha kidato cha tatu na cha nne kwa pesa za omena, wale dagaa wa ziwani, akiondoka gizani kwenda kuzipokea mashua zikirudi Usenge, na mchana kutwa akizigeuzageuza juani. Neno lake kwangu lina uzito, na hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, vile unavyomwonyesha mtu njia fupi ambayo yeye hajaiona. Angefoka ningejua la kujibu.

Jumatatu nilikuwa kortini kwenye kazi yangu ya ukalimani, mbele ya meza ya hakimu, kesi ya shamba, ndugu wawili wa tumbo moja hawatazamani, na huku kinywa kinafanya kazi yake moyo ulikuwa ukimjibu Shangazi. Kwamba usingizi hauji kwa kuitwa. Kwamba mimi sijachoka miguu. Kutwa nzima maneno ya watu yanapitia kwangu: ya mlalamishi, ya mshtakiwa, ya mzee wa kijiji, na siruhusiwi kuongeza wala kupunguza. Jioni mwili uko sawa tu, nimeketi. Kilichochoka ni pale maneno yanaposhikiliwa, na pale hapazimiki pamoja na taa. Nikijilaza mapema namsikia tena yule mama wa wiki jana akisema tarehe haikumbuki, anaombwa aikumbuke, anasema haikumbuki.

Nikipaka rangi sisikii mtu. Sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kujaribu. Unaanza na mkono mwepesi, karibu hauigusi karatasi, vijiduara vidogovidogo, tabaka juu ya tabaka, rangi nyepesi kwanza. Ukikandamiza mapema, vinyweleo vya karatasi hujaa nta, na rangi inayofuata huteleza tu, haishiki tena. Penseli ngumu za shule hazikubali tabaka nyingi. Zenye kiini laini cha nta hukubali, ila baada ya siku kadhaa ukungu mweupe hutokea pale ulipopaka kwa uzito. Ni nta inayopanda juu, unaipangusa taratibu kwa kitambaa laini. Zile za mafuta, kama Polychromos za Faber-Castell ya Ujerumani, hazina ukungu huo. Hizo ninazo tatu, nilizonunua moja moja: bluu, zambarau na hudhurungi. Na penseli ikianguka sakafuni kiini chake huvunjika ndani kwa ndani, kwa nje huoni kitu, mpaka siku unapoichonga vinachomoka vipande vipande. Ndiyo maana sipendi mtu akimbie karibu na meza ile.

Nilitaka pia kumwambia kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walichapisha matokeo yao: watu walitiwa wasiwasi kwanza, kwa makusudi, kisha wengine wakapewa mandala, ile michoro ya duara yenye mapambo, wapake, wengine mchoro wa miraba, wengine karatasi tupu. Waliopaka mandala na waliopaka miraba, wasiwasi wao ulishuka. Wa karatasi tupu hawakupata nafuu kama ile. Mimi hilo la karatasi tupu nimelifikiria sana, kwa sababu naliona kwangu. Mbele ya karatasi tupu lazima uamue kila kitu, na kuamua ni kazi. Mtu mwingine akishakuchorea mistari, umebaki na kijani hiki au kile.

Jumanne usiku nililala na jibu hilo limekamilika, lina mwaka na majina. Asubuhi nikaliona halifai. Utafiti wa Marekani utamwambia nini mtu aliyekuwa akilala kwa sababu alfajiri kuna mashua?

Jumatano tukaenda kliniki. Foleni ndefu, lakini sukari imeshuka, Mungu ni mwema, tukarudi kwa tuktuk Shangazi akiwa na furaha. Jioni niliamua sitajificha chumbani na kitabu changu. Nikakitoa palepale mezani. Mnakumbuka niliandika jinsi mwenzangu wa kazi alivyoniletea kutoka London. Vitabu hivi vya watu wazima vilivuma sana huko mwaka 2015, na mpaka leo maduka yao yanavyo. Ndani ni bustani zao na ndege wao. Nilikuwa kwenye ukurasa wa robin, yule mdogo mwenye kifua chekundu, amekaa juu ya tawi la mti unaoitwa holly. Shangazi akasogeza kiti.

"Huyu anakula nini?"

"Wadudu na minyoo, Shangazi."

"Na kwenye hiyo miiba amefuata nini?"

Nikaangalia. Kweli, majani yale yana miiba pembeni, nami nilikuwa nimeyapaka yote bila kuyatazama hivyo.

"Ndege unaowajua hawachoreki?"

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Tangu Jumapili nilikuwa nimejipanga kujitetea, na mtu niliyempangia maneno amekaa kando yangu anauliza habari za ukurasa wenyewe, kwa dhati, anataka jibu. Nikamwita Kitinda Mimba. Yeye ndiye mwenye mkono wa kuchora nyumba hii, hakuutoa kwangu. Nikampa penseli na karatasi, nikamwambia chora anachosema Shangazi.

Shangazi akaanza na fundichuma, ndege wa majini. Utotoni kwake, upande wa kinamasi cha Yala, walikuwa wakimwona kila siku akitembea kwenye maji ya kifundo akitafuta vyura. "Mdomo mbele, kishungi nyuma, ukimtazama kwa ubavu unaona nyundo." Kitinda Mimba akachora. "Kishungi kirefu zaidi ya hicho." Akafuta, akarefusha. "Shingo fupi. Huyu si korongo." Kisha kiota, na hapo Shangazi alisimama kabisa, akapima kwa mikono yake miwili hewani: lundo la vijiti kwenye panda la mti, kubwa hata mtu mzima anaweza kusimama juu lisibomoke, na tundu la kuingilia limesiribwa tope. "Na hakiguswi," akasema. Mtoto akauliza kwa nini. "Hakiguswi." Tukaendelea. Nyuma wakaweka mafunjo, mbele magugumaji, maana Kitinda Mimba amezoea ya Dunga na ziwa bila magugumaji halijui.

Alhamisi baada ya kazi niliupitisha ule mchoro saiba ya Kondele wakanitolea nakala kwenye manila. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ingejikunja na kuchujuka kabla ya tabaka la tatu. Manila ina ukwaruzo kidogo, inashika.

Sasa hudhurungi. Hudhurungi ikipakwa peke yake hufa kwenye karatasi. Nilianza na manjano ya udongo, nikapitisha chungwa hafifu, ndipo hudhurungi, nikiacha kifua kiwe chepesi kuliko bawa. Shangazi akawa anapita na kikombe chake. Akasimama nyuma yangu.

"Mgongoni kuna zambarau."

"Zambarau, Shangazi?"

"Jua likimpiga. Wewe humjui huyu."

Nikachukua ile zambarau ya mafuta, nikaipitisha juu ya hudhurungi kwa mkono mwepesi sana, mgongoni na mwanzo wa bawa tu. Mgongo ukainuka. Wallahi ukainuka, mpaka nikaita watu waje waone. Baba Watoto akaja, akaangalia muda mrefu, akasema huyu anaweza kuruka. Basi na magugumaji nikayafanyia haki yake: ua la zambarau jepesi, lakini petali ya juu ina doa la njano lililozungukwa na bluu. Watu wanalipaka lote rangi moja kwa sababu ziwani wanaliona kwa mbali.

Ijumaa usiku nilibaki peke yangu sebuleni, nimebakiza mafunjo. Shangazi akatoka chumbani kunywa maji. Akaniona, akaangalia saa ya ukutani.

"Ukimmaliza huyo, ulale."

Akarudi kulala. Nami tangu hapo nazilinganisha hizo mbili, ya Jumapili na ya Ijumaa. Baba Watoto anasema ni neno lilelile, Shangazi anataka nilale, basi. Mimi naona Ijumaa kulikuwa na "ukimmaliza". Kuna kumaliza kwanza. Jana nilipomsindikiza stendi nilitaka kumuuliza, lakini makanga alikuwa akipiga kelele na Shangazi alikuwa akigombania kiti cha dirishani, akaondoka na maswali yangu. Ya Jumapili bado inanichoma kidogo, sitaficha. Hajaifuta, na sitamwomba afute kitu anachokiamini. Ila amemwachia Kitinda Mimba orodha: mnandi akianika mabawa, kambare, mashua za Usenge zenye tanga, na wanawake wakianika omena. Huo wa omena nitaupaka mimi, na ile rangi ya fedha ya omena mbichi sijui nitaipata kwa penseli gani. Labda kijivu na bluu hafifu, na mgongo niuache karatasi tupu.

Jambo lingine kabla sijalala. Fundi wa tangi aliahidi Ijumaa, leo ni Jumapili, simu yake haipatikani. Maji yameanza kushuka ukutani upande wa chumba cha Kitinda Mimba, na swichi ya taa iko palepale. Nimebandika karatasi ya gundi juu yake na kumwambia asiiguse, lakini mvua ya leo usiku naisikia inakuja kutoka ziwani, na mwenye nyumba yuko matangani Homa Bay mpaka Jumatano. Kama kuna anayemjua fundi wa stima anayekuja akiitwa, upande huu wa Migosi, aniandikie.