Mapafu mabichi ya Simba

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nampa mbwa wangu Simba mapafu mabichi ya mbuzi kutoka bucha ya mtaani. Bei nafuu, na yeye akiyaona anaruka! Juzi daktari wa mifugo alipokuja kumchanja kichaa cha mbwa, akaniuliza Simba anakula nini. Nilipomjibu, akanionyesha picha ya ini la mbuzi lenye vifuko vya maji. Mbwa akila vifuko hivyo vibichi anapata tegu mdogo sana, mayai yanatoka na kinyesi, na binadamu akiyameza, vifuko vinaota kwenye ini au mapafu yake mwenyewe. Nilimwaza mwanangu wa miaka 4 anayemkumbatia Simba kutwa. Nililia, jamani.

Simba amepewa dawa ya minyoo. Sasa mapafu na maini nachemsha nusu saa nzima. Zawadi yake ni kipande cha karoti, au dagaa wakavu niliowaloweka kutoa chumvi. Mifupa iliyopikwa simpi, inavunjika vipande vikali. Vitunguu na chokoleti ndiyo simpi kabisa.

Wenye mbwa, mnawalisha nini?