Pinki Hayupo

Mtoto wa mama yangu mdogo alinipigia simu katikati ya wiki kunitangazia kwamba yeye na wenzake watatu wameachana na Free Fire, ile gemu ya simu ya kupigana risasi, sasa wanataka Dota. Alisema kwa fahari ya mtu anayetangaza kuwa ameacha soda, ameingia kwenye gongo. Nikamuuliza kama wameshaijaribu. Wameijaribu, akasema, jana usiku, mechi moja tu, na katika mechi hiyo moja walitukanwa kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine mbili tatu ambazo hawakuzitambua, ila ujumbe waliuelewa. Mmoja wao, dada mwenye hasira za karibu, alitoka mechi ikiendelea. Aliporudi akakuta mfumo umemzuia kutafuta mechi nyingine kwa muda.

"Sasa kaka, hii gemu nyie mlijifunzaje?"

Dota 2 ni watano kwa watano. Ramani moja, njia tatu, kila upande una jengo lake kuu la kulinda, likianguka mechi imekwisha. Ukiishia hapo utadhani ni gemu ya watoto. Lakini hiro, yaani wahusika wa kuchagua na kuwaongoza, ni zaidi ya 120, kila mmoja na uchawi wake, vifaa vya kununua ni rundo, na mechi inaweza kwenda dakika 40 au hata saa nzima. Kwenye Free Fire ukifa unaanza upya, umepoteza dakika chache na hakuna anayekujua. Huku ukifa unamtajirisha aliyekuua. Anarudi na silaha nzito zaidi, anakuua tena, na wenzako wanne wamefungiwa na wewe humo ndani mpaka mwisho. Ndiyo maana wanatukana. Sisemi ni haki, nasema ndiyo sababu.

Halafu kuna suala la mahali tulipo. Seva ya Dota ya Afrika Mashariki haipo. Mtu wa Dar anacheza kwenye seva ya Afrika Kusini, au ya Dubai, au akiwa na moyo mgumu, ya Ulaya. Foleni ya wanaotafuta mechi ikiwa na watu wachache, mgeni anajikuta kapangwa na watu walioanza kucheza yeye akiwa shule ya msingi. Nikawaambia waje Jumapili, Sinza, kwenye chumba cha gemu cha jamaa yangu mmoja. Kompyuta kumi, feni mbili, na tangazo la "Usile Chipsi Juu ya Kibodi" ambalo sijawahi kuona likiheshimiwa.

Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 12 Mei 2024. Waliokuwa Tanzania wataikumbuka. Asubuhi intaneti ilianza kusuasua, mchana ikawa ni jina tu: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za pwani hii zikaumia pamoja. Tena ilikuwa Siku ya Mama Duniani. Watu wana picha za mama zao mkononi na maneno matamu wameshayaandika, hazipandi popote. Nilitaka kuwaambia vijana wasije, lakini ujumbe wa WhatsApp ulibaki na kile kialama cha saa pembeni, na nilipokumbuka kwamba simu za kawaida bado zinapigika walikuwa wameshashuka kwenye daladala.

Chumbani tuliwakuta wakongwe watano wamekaa mbele ya skrini zisizo na kazi, wanalalamika. Mwenye chumba ndiye aliyesema, "Kwani ile ya zamani mmeisahau?"

Warcraft III ilikuwa bado kwenye kompyuta zake, na ndani yake ramani ya DotA Allstars. Kwa wasioujua ukoo huu: Dota haikuzaliwa Valve, kampuni inayoimiliki sasa. Ilianza kama ramani iliyotengenezwa na mashabiki ndani ya Warcraft III, gemu ya kampuni nyingine, Blizzard, ikapita mikononi mwa watu kadhaa hadi ikafika kwa mtu anayejiita IceFrog. Valve wakamchukua, na mwaka 2013 wakaitoa rasmi Dota 2. Hiro wengi ni walewale. Na ile ya zamani inachezwa kwa LAN: waya kwa kila kompyuta, swichi moja sakafuni, basi. Nyaya za baharini zikikatika, shauri yao.

Vijana walipoiona picha yake walicheka. Warcraft III ni ya mwaka 2002, na mtoto wa mama mdogo aliuliza kwa dhati kabisa kama skrini imeharibika. Mimi moyoni nilikuwa nashangilia. Kitu nilichokuwa nakitafuta ni kukaa na wageni pasipo mtu baki masikioni mwao, na bahari ilikuwa imenipa bure.

Sikuwaeleza habari za hiro mia na ushei. Niligawa. Mtoto wa mama mdogo, ambaye hana breki, nilimpa Skeleton King, yule ambaye Dota 2 wanamwita Wraith King, kwa sababu akifika levo ya 6 anapata uwezo wa kufufuka akiuawa, na mtu wa papara anahitaji roho ya akiba. Kijana mmoja mpole nilimpa Sniper, anayepiga kwa mbali. Wa tatu akapata Crystal Maiden, ambaye hata akisimama tu anawasaidia wenzake kurudisha mana, ile nishati ya kurushia uchawi. Dada mwenye hasira nilimpa Lion. Lion ana uchawi wa kumgeuza adui kuwa kiumbe kidogo kisicho na la kufanya kwa sekunde chache.

"Huyu ndiye nilikuwa namtafuta," akasema bila kutabasamu.

Tangu hapo niliwaita kwa majina ya hiro wao, na hapa nitaendelea hivyohivyo.

Kwanza niliwaweka wawili upande huu na wawili upande ule, wote njia ya kati, kwa sheria moja: hakuna kumgusa hiro wa adui. Kazi ni kripu tu, wale askari wadogo wanaotoka kambini kila sekunde 30 kwenda kufa njiani. Kumpiga kripu hakuna hela. Hela iko kwenye pigo la mwisho, lile linalomuua. Wageni huwa hawaliamini hili. Wanapiga mwanzo hadi mwisho, na ile nukta ya kufa kripu wa upande wao ndiye anayemaliza, dhahabu imepotea hewani. Ukipatia, namba ya njano inaruka juu ya maiti na sarafu inalia. Sniper alipoisikia mara ya kwanza aligeuka kunitazama, nikamwambia macho mbele. Crystal Maiden alihangaika kuliko wote, na si kosa lake: hiro huyo mkono wake mzito, akiinua fimbo hadi pigo lifike kripu ameshakufa kwa mkono wa mwingine. Nikamfundisha kuanza kupiga mapema kuliko macho yanavyomwambia.

Kisha nikawaonyesha kunyima. Kripu wako mwenyewe akishuka chini ya nusu ya uhai wake unaruhusiwa kumuua wewe, adui asiambulie dhahabu, na alama ya mshangao inatokea pale alipoangukia. Lion alikupenda kunyima kupita kiasi. Aliwaua askari wake mwenyewe kwa furaha iliyonitia wasiwasi kidogo.

Wakongwe walikuwa wanatuangalia. Mmoja wao, mtu mzima, fundi friji, tunamwita Pudge kwa sababu hana hiro mwingine anayemchezea, alikuwa anaguna tangu mwanzo.

"Unawadekeza hao. Sisi nani alitufundisha? Tulichinjwa mpaka tukajua."

"Na walioacha je, bro?"

"Wale hawakuwa watu wa Dota."

Hoja hii nimeisikia miaka yote na sijawahi kuikubali. Walioacha wengi walikuwa na mikono mizuri kuliko sisi tuliobaki, ila walikuwa na mambo ya maana zaidi ya kufanya kuliko kutukanwa usiku. Sikubishana naye. Nilimwomba acheze dhidi yetu, yeye na wakongwe wenzake wanne, sisi wageni wanne na mimi, kwa sharti kwamba asiwaambie wageni neno lolote hadi mechi iishe. Alikubali haraka mno.

Pudge, kwa asiyemjua, ni mchinjaji mnene mwenye mnyororo wa ndoano. Anajificha gizani kwenye miti, anaurusha, ukikunasa unakuvuta mpaka miguuni pake, na ukishafika pale huna la kusema. Kila hiro wa adui anayefia karibu naye, yeye ananenepa. Wageni wanaiogopa ndoano, kumbe cha kuogopa ni giza. Sehemu kubwa ya ramani huioni. Unaona pale tu alipo mtu wako, kripu wako au mnara wako. Hakuna wepesi wa vidole utakaokuokoa na mtu usiyemwona.

Dakika za mwanzo alimnasa Sniper, akamnasa Crystal Maiden, akamnasa Sniper tena, kisha mtoto wa mama mdogo kabla hajaifikia hiyo levo ya kufufuka. Ahadi aliitimiza, hakusema neno. Alikuwa anapiga mluzi.

Hapo nikawapa somo la pili, na sikuwa na la tatu. Nikawaambia waache kuwakodolea macho hiro wao. Chini kushoto kuna ramani ndogo, na kwenye Warcraft kila mchezaji ana rangi yake. Maadui zetu walikuwa pinki, kijivu, bluu mpauko, kijani na kahawia. Pudge alikuwa amekaa nafasi ya kwanza ya upande wao, kwa hiyo yeye ndiye pinki. Kabla hujapiga hatua mbele, hesabu maadui unaowaona. Ukiwaona watano, nenda unakotaka. Ukiwaona watatu, wawili wako wapi? Chukulia wako hapohapo mbele yako.

"Na hesabuni kwa sauti," nikasema.

Waliona haya mwanzoni. Kisha Sniper, aliyekuwa amekufa kuliko wote, akaanza kwa sauti ya chini. Wanne. Wanne. Baada ya muda chumba kizima kilikuwa mnada.

"Wanne!"

"Watatu! Nani kapotea?"

"Pinki! Pinki hayupo!"

Wote wanarudi nyuma ya kripu, kwa sababu ndoano ya Pudge inanasa chochote inachokutana nacho kwanza. Ukisimama nyuma ya kripu, atamvuta kripu. Akamvuta kripu. Akajipanga upya, akamvuta kripu mwingine. Wenzake wakaanza kumcheka, na mluzi ukakoma. Alikuwa anatusikia vizuri tu, tumekaa meta tatu kutoka kwake, lakini hata ungekuwa unasikia ungefanya nini? Watu wameshajua kwamba haupo.

Kitu kilichofuata sikukifundisha mimi. Lion alikuwa kimya kwa muda mrefu, anahesabu kwa midomo tu, kisha akanisogelea.

"Kaka, huyu akipotea anakwenda kwenye miti ileile ya juu ya mto. Hakuna namna ya kuona kule?"

Ipo. Inaitwa wadi, inasimikwa chini, adui haioni kirahisi, na inakufunulia eneo lote linaloizunguka. Nilikuwa nimeamua nisiitaje siku ile kwa kuogopa kuwajaza mambo. Nikanunua, nikaenda kuisimika, tukasubiri. Haikuchukua muda, kidoti cha pinki kikaingia kwenye miti na kusimama, kimetulia, kinaamini hakionekani.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Lion alimsogeza hiro wake pole pole kandokando ya mto, Sniper nyuma yake, mtoto wa mama mdogo akazunguka upande wa pili. Pudge akajitokeza kidogo ili apate nafasi ya kurusha, na Lion akamgeuza kiumbe kidogo, mnene wetu akabaki anarukaruka pale mbele ya watu watatu. Uchawi ulipomwisha, Skeleton King alikuwa ameshamrushia wake, risasi za Sniper zinaingia, na Lion akammaliza kwa ile radi yake ya levo ya 6. Mwenye chumba aliacha kuhesabu vocha akaja kuangalia.

Fundi friji alivua miwani, akaifuta. "Nani kamwambia habari za wadi?"

"Kauliza mwenyewe," nikasema.

Mechi tulipoteza, tena vibaya. Wakongwe walikuwa na vifaa ambavyo vijana wangu hawakujua hata vinauzwa duka lipi, na ile ya zamani haikuelekezi ununue nini kama Dota 2 inavyofanya. Lakini sharti langu lilikuwa limekwisha pamoja na mechi, na Pudge alivuta stuli moja kwa moja hadi nyuma ya Sniper. Nikajiandaa kumtetea kijana.

"Mdogo wangu, huna viatu," alisema, anaonyesha kwa kidole kwenye skrini. "Mechi nzima hukununua viatu! Unatembea peku mbele ya Pudge?"

Akakaa pale mpaka jioni, anaguna na kuelekeza. Mwenye chumba alitutoza nusu bei, kwa hoja kwamba bando lake halikuguswa.

Intaneti ilirudi kwa kusuasua siku zilizofuata. Mtoto wa mama mdogo alirudi Free Fire kabla mwezi haujaisha, anasema hana dakika 40 za kumpa mtu asiyemjua. Crystal Maiden alihama mji. Sniper hucheza wikiendi. Lion hakuacha, sasa yuko Dota 2 na ana daraja la juu kuliko langu. Juzi alinialika kwenye mechi, akaniambia kazi yangu ni wadi, na kwamba kripu wake nisiwaguse.