Nilivyonunua spana za pikipiki Grogan bila kumaliza elfu tatu

Ukiingia Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ukauliza spana za pikipiki, kitu cha kwanza kuwekwa mbele yako ni lile sanduku la plastiki la vipande 46. Linavutia macho. Lina racheti, ule mkono wa kuzungushia, lina soketi zimepangwa kwa safu, na linauzwa elfu moja na mia kadhaa. Nililifungua pale pale nikasoma soketi moja baada ya nyingine, namba zake kwa milimita: 4, 4.5, 5, 5.5, 6, 7, hivyo hivyo mpaka 14. Sehemu kubwa ya vipande vingine ni vichwa vya bisibisi. Hakuna 17, hakuna 19, hakuna spana ya kushika kwa mkono hata moja, wala ya kufungulia plagi ya injini, ile inayotoa cheche. Nikamrudishia muuzaji, kwa sababu mfukoni nilikuwa na orodha, na orodha hiyo niliitoa kwenye pikipiki yenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoanza kazi ya pikipiki, maana wengi hununua sanduku kabla hawajajua nati zao ni namba ngapi.

Mimi hubeba vifurushi kutoka mjini kupeleka mitaani, zaidi upande wa Eastlands. Pikipiki yangu ni ya kutoka India, injini ya cc 125, nami niliipata mkononi mwa mtu. Vile vifaa vya kiwandani vinavyokaa chini ya kiti havikuwepo tena. Kazi kama hii haina huruma kwa cheni. Masika yakianza, matope ya barabara za ndani za Kayole na Njiru yanaingia asubuhi, jioni cheni inalia. Kila jambo dogo lilikuwa linanipeleka kwa fundi: kukaza cheni, kurekebisha klachi, kumwaga oili. Pesa yenyewe ya ufundi si nyingi. Kinachouma ni foleni, kwa sababu pikipiki ikisimama nami nimesimama, na kinachouma zaidi ni mikono ya watu wengine. Kuna kibanda kimoja ambapo kijana aliishika nati ya ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu, kwa plaizi akaivuta mpaka kona zote sita zikalika. Nati ile ilikuja kutolewa kwa patasi na nyundo. Tangu siku hiyo nikasema kazi ndogo ndogo ni zangu.

Pale stejini kwetu Umoja kuna mzee fundi ambaye vijana wote tunamheshimu. Nilimwendea jioni akiwa anafunga kazi.

"Mzee, nataka kununua spana zangu. Niambie nichukue zipi."

"Kijana wangu, usinunue kitu. Chukua hizi zangu, izunguke pikipiki yako pole pole, kila nati utakayoigusa uandike namba yake. Ukimaliza ndipo uende Grogan."

Nikafanya hivyo, na jioni ile ilinifundisha mengi. Namba 10 iko kila mahali: vifuniko vya injini, betri, vishikizo vya nyaya, taa. Hizo nyingi ni boliti zenye unene wa milimita sita, na kichwa chake huwa ni 10. Namba 8 ni chache, ziko kwenye vitu vidogo. Kisha zinakuja 12, 13 na 14, na hapa ndipo mtu anapotakiwa kuwa makini. Boliti ya milimita nane kutoka kwa Wajapani mara nyingi ina kichwa cha 12, lakini kwa kipimo kinachotumika sehemu nyingi za dunia kichwa chake ni 13. Pikipiki iliyopita mikononi mwa watu kadhaa huwa na mchanganyiko, kwa sababu kila fundi alirudishia boliti aliyokuwa nayo. Yangu ina zote mbili upande mmoja wa fremu.

Kwenye gurudumu la nyuma niligundua jambo ambalo kwa kweli ndilo lililoniamulia manunuzi yote. Nati ya ekseli ni 19, na upande wa pili kichwa cha ekseli ni 17. Lazima vyote viwili vishikwe kwa wakati mmoja, vinginevyo ekseli inazunguka tu pamoja na nati. Kwa hiyo spana moja kubwa haitoshi, hata iwe ya bei gani. Boliti ya kumwagia oili nayo ni 17. Plagi ilitaka soketi ya 16. Plagi za pikipiki hutofautiana: zenye uzi, ile sehemu ya kuzungushia ndani, wa milimita 10 kwa kawaida zina kichwa cha 16, zile za uzi wa 12 mara nyingi 18, na nyingi za uzi wa 14 ni 21. Usikisie. Toa plagi uliyonayo, ipime.

Nilipokwenda mjini nilibeba vitu viwili pamoja na orodha. Cha kwanza ni plagi ya zamani niliyoifunga kwa kitambaa. Cha pili ni boliti mpya ya milimita sita, kichwa chake safi, kona hazijaguswa. Hiyo boliti ndiyo iliyonichagulia duka. Kila nilipopewa spana ya 10 niliiingiza kwenye boliti kisha nikaitikisa kushoto kulia. Spana nzuri inakaa, mchezo wake ni mdogo sana. Mbaya unaisikia inagonga kabla haijashika, na ukiangalia mdomo wake kwenye mwanga unaona kingo hazijanyooka, kama chuma kilimwagwa kwenye kalibu kikaachwa hivyo. Nyingi kati ya zile mbovu zilikuwa zimepigwa muhuri wa "Cr-V" sawa na nzuri, maana yake chuma kina kromiamu na vanadiamu. Muhuri ni rahisi kupiga. Boliti haidanganyi.

Ringi, ule upande wa spana wa duara unaozunguka nati yote, na soketi zina jambo jingine la kutazama. Ndani ya soketi kuna zenye kona sita na kuna zenye kona kumi na mbili. Ya kona kumi na mbili ni rahisi kuiingiza sehemu iliyobana, lakini inashika karibu sana na ncha za nati, na nati yenye kutu ikigoma ncha ndizo zinazolika. Ya kona sita inasukuma ubavu wa nati. Kwa pikipiki ya zamani mimi nasema kona sita pale unapoweza kuipata.

Halafu kuna spana za inchi. Ziko nyingi mezani, na wauzaji huzichanganya na za milimita. Ukiona imeandikwa 7/16 au 1/2, iache hapo. Nusu inchi ni milimita 12.7: kwenye nati ya 13 haiingii, kwenye ya 12 inacheza, na kucheza ndiko kunakokula nati.

Muuzaji niliyenunua kwake alikuwa mama mmoja mwenye duka jembamba, spana zimening'inizwa ukutani kwa waya kufuata namba. Aliniambia, "Kastoma wangu, chukua seti nzima, moja moja itakuwa ghali." Nikamjibu, "Mama, nipe hizi saba tu, lakini niruhusu nizipime." Hakukataa. Akanipa kigoda na kitambaa cha kufutia mafuta, nami nikachukua muda wangu. Nilichagua 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, zile zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili. Ndogo nilizipata kwa shilingi 120 kila moja, za katikati 150, na mbili kubwa 220. Hiyo ni 1,130 kwa spana saba ambazo kila moja ina nati inayoisubiri nyumbani. Nikaongeza spana ya T ya namba 10 kwa 200. Hii sikuijutia hata kidogo: vifuniko vya injini vina boliti zilizoingia ndani, na kwa T unazizungusha haraka bila kuchubua vidole. Spana ya plagi ilikuwa 150, na tulihakikisha kwa ile plagi yangu kwamba mpira wa ndani unaishika isidondoke. Bisibisi ya pande mbili 150, plaizi 300, seti ya funguo za aleni 250.

Kuhusu bisibisi, skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani zina umbo lake, na nyingi huwa na nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya msalaba hupanda ikatoka, kichwa kinaharibika. Yangu inazo chache, kwa hiyo bisibisi ya kawaida yenye ncha kali imenitosha. Mwenye pikipiki ya Japani aitafute ile inayolingana nazo.

Racheti ya nusu inchi niliiacha, ingawa mama alinisisitizia. Ni nzito na mkono wake ni mrefu. Boliti ya milimita sita kwenye injini ya aluminiamu inataka kukazwa karibu nyutoni-mita 10. Kwa spana unayoishika sentimita 10 kutoka kwenye boliti, hiyo ni nguvu ya kama kilo kumi tu. Kwa racheti ndefu unaizidisha bila kuhisi, na uzi wa aluminiamu ukishavuliwa unatafuta fundi wa kutoboa na kuweka uzi mpya, kazi ambayo bei yake inapita spana zote nilizonunua. Mimi boliti za 10 huzikaza nikiwa nimeshika spana karibu na kichwa, kwa vidole.

Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, pia sikununua. Inafaa mabomba ya maji.

Sanduku la kuwekea nilipata Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wale wanaopiga masanduku ya wanafunzi. Nikaomba dogo linaloingia chini ya kitanda, na spana zenyewe nikazifunga kwenye kipande cha turubai chenye mifuko ya kushonwa, ili zile za kila siku nizibebe kwenye pikipiki. Pesa yote, pamoja na brashi ya cheni na sanduku, haikufika elfu tatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa cheni. Nilisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, nikazungusha gurudumu pole pole nikitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, kwa sababu cheni iliyotumika hailegei sawa kote. Hapo ndipo pa kupimia, katikati ya spoketi mbili, yale magurudumu yenye meno, upande wa chini, ukiisukuma juu na chini kwa kidole. Kitabu cha yangu kinataka kati ya milimita 20 na 30. Nikalegeza ekseli, 17 mkono huu na 19 mkono ule, nikazungusha nati za kurekebishia kidogo kidogo, kushoto sawa na kulia, nikitazama alama zilizochongwa kwenye mkono wa fremu. Alama zisipolingana gurudumu linakaa upande na spoketi inaliwa. Nikakaza ekseli, nikapima tena, kwa sababu kukaza ekseli kunavuta cheni kidogo. Nilipotoka kwenda mjini asubuhi yake, ile kelele ya cheni niliyoizoea Barabara ya Jogoo haikuwepo, na mwili ulihisi tofauti kwenye kila gia.

Oili nayo sasa namwaga mwenyewe, injini ikiwa vuguvugu, na oili chafu naipeleka kwa mzee kwenye mtungi asije mtu akaimwaga kwenye mtaro.

Baadaye niliongeza mita ya kupimia volti, ya bei nafuu, kutoka barabara ya Luthuli. Hii naipendekeza mapema kuliko racheti yoyote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Injini ikinguruma vizuri inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ukiijua namba hiyo, huuziwi betri mpya wakati kilichokufa ni rektifaya, kifaa kinachopeleka umeme wa kuchaji betri.

Zipo kazi ninazomwachia mzee. Vali, beringi za magurudumu, na chochote kinachotaka kufungua klachi upande wa ndani vinahitaji vifaa vya kuvuta na kutoa sehemu zilizobana, na mkono uliozoea. Kinachofuata kwenye orodha yangu ni vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu ya mguu na viraka, ili puncha ya usiku kule Ruai isinilaze barabarani. Spana zote nimezipaka rangi nyekundu shingoni. Stejini watu huazima, nami naazimisha, lakini jioni kila nyekundu inarudi kwenye turubai kabla sijawasha pikipiki.