Silabi moja

Silabi moja ya Kijerumani inaninyima usingizi tangu Jumanne: vor.

Mnajua nilivyojiandaa kumwona mshauri wa pensheni. Wiki tatu mlango wa friji umejaa vikaratasi: in Rente gehen, kustaafu; Altersvorsorge, akiba ya uzeeni; Rentenlücke, lile pengo kati ya mshahara unaouacha na pensheni inayokungoja. Nilijua asilimia 18.6 ya mshahara inakwenda kwenye mfuko wa pensheni wa hapa Ujerumani, nusu ninakatwa mimi, nusu anatoa mwajiri, na kwamba lazima nifikishe miezi 60 ya michango ndipo niwe na haki ya kudai pensheni. Mimi nina miezi 47. Nikaingia kwa mshauri kifua mbele.

Akauliza: "Wie sorgen Sie fürs Alter vor?" Yaani, unajiwekeaje akiba ya uzeeni? Kitenzi ni vorsorgen, na vor yake hukimbilia mwisho wa sentensi.

Ile vor ya mwisho haikunifikia. Nilisikia sorgen, kutunza, neno letu la kila siku kazini, na wazee wa ghorofa ya pili tunaowahudumia. Nikajibu kwa furaha: "Ich sorge für meine Mutter." Namtunza mama yangu.

"Nein, ich meine Sie." Hapana, nazungumzia wewe. Kisha akapiga mstari kwenye kisanduku cha fomu na kufungua ukurasa uliofuata.

Baba Zuhura kafaulu mtihani wa udereva, ile fleti ya Billstedt, huku Hamburg, tumepewa, na mimi bado niko kwenye kiti kile namjibu yule kijana mshauri. Mstari! Mama yangu alinisomesha uuguzi kwa machungwa ya Muheza, kapu kwa kapu, na hakuna mwajiri aliyewahi kumchangia hata senti. Dawa zake za presha zinatoka kwangu. Kiinua mgongo chake ni mimi. Kisanduku cha hilo kiko wapi?

Ijumaa usiku nilikuwa namvalisha soksi yule babu aliyekuwa kuli bandarini, nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akanifundisha: etwas auf die hohe Kante legen. Kuweka kitu kwenye ukingo wa juu, yaani kuweka akiba. Mama yake, akasema, alikuwa akificha sarafu kwenye ubao wa juu wa kitanda, na hakumwambia mtu hadi alipougua.

Nikaona pindo la kanga ya mama, lile fundo dogo analolifungua kwa meno.

Hasira ikaniishia palepale. Mimi ni wa 1986; nitastaafu na miaka 67, yaani 2053, na Zuhura atakuwa na watoto wake wa kusomesha. Sitaki fundo langu liwe yeye. Jana nimeandika barua kuomba miadi mingine, nikaanza na sentensi yangu mwenyewe: Ich sorge für meine Mutter, und ich möchte vorsorgen. Namtunza mama yangu, na nataka kujiwekea akiba ya uzeeni. Nimeisoma kwa sauti mara nyingi mpaka Zuhura ameishika.

Nilipompigia mama kumweleza, simu ilijaa kelele za mvua. Masika yameanza, na ule mfenesi wa jirani bado umeegemea paa la jikoni. Hamisi aliahidi kuukata tangu Januari.