Nilivyouhamisha mfumo wa mikopo kutoka Java 8 hadi Java 17

Mfumo wenyewe ni wa chama cha akiba na mikopo. Unapokea marejesho ya wanachama, unakokotoa riba, na kila usiku unatoa faili za malipo zinazosomwa na mfumo wa benki. Uliandikwa kwa Java 8, toleo la Machi 2014 la lugha ya programu ya Java, na maktaba mpya tulizozihitaji zilikwisha kuliacha nyuma. Nilipokabidhiwa kazi hii niliweka sharti moja: tunabadili Java tu. Hifadhidata haiguswi, wala hakuna kipengele kipya kinachoongezwa.

Nilianza na jdeps, zana inayokuja na JDK, yaani kifurushi cha kutengenezea programu za Java. Ukiiendesha kwa --jdk-internals, inakuonyesha ni wapi programu yako inategemea sehemu za ndani za Java. Kwetu iliibua sun.misc.BASE64Encoder, ya kugeuza data kuwa maandishi, iliyoondolewa katika Java 9. Mbadala wake, java.util.Base64, umo tayari ndani ya Java 8, kwa hiyo rekebisho hilo nililiweka kwenye mfumo wa zamani na likaanza kutumika mara moja. Nashauri sana njia hii: kinachoweza kurekebishwa kabla ya kuhama, kirekebishwe kabla.

JAXB, maktaba ya kusoma na kuandika XML, haikusumbua. Java 11 iliitoa ndani ya JDK, nikaiongeza kupitia Maven, zana inayoleta maktaba za mradi, kama maktaba nyingine yoyote. Lombok (ya kupunguza msimbo unaojirudia) na Mockito (ya majaribio) zilitaka matoleo mapya tu. Seva ilikataa kuwaka mpaka nilipoondoa vigezo vya zamani vya usafishaji wa kumbukumbu (GC), -XX:+UseConcMarkSweepGC na -XX:+PrintGCDateStamps. Kisafishaji cha G1 kikachukua nafasi, na -Xlog:gc ikaandika taarifa za usafishaji huo.

Majaribio yote yakapita. Hata hivyo sikuridhika, maana hizi ni fedha za watu. Nikaziendesha Java zote mbili sambamba kwa data ileile ya mwaka mzima uliopita, kisha nikalinganisha faili zilizotoka mstari kwa mstari. Miezi kumi na mmoja ilifanana kabisa. Septemba ikakataa: Java 8 iliandika 05-Sep, Java 17 ikaandika 05-Sept.

Tangu Java 9, majina ya miezi na mpangilio wa tarehe huchukuliwa kwanza kutoka CLDR, hazina ya data za lugha na nchi, na data iliyoingia na Java 16 ilibadili kifupisho cha Septemba kwa Kiingereza cha Uingereza. Sisi tulitumia muundo wa tarehe dd-MMM-yyyy pamoja na Locale.UK, yaani desturi ya Uingereza, na upande wa benki unategemea herufi tatu. Tarehe za majaribio yetu zilikuwa za Januari na Juni, ndiyo maana hayakuliona. Hatari nyingine ni kwamba faili za zamani zenye Sep nazo zingeshindwa kusomwa.

Ipo njia ya mkato, -Djava.locale.providers=COMPAT, inayorudisha data ya zamani, lakini Java 23 imeiondoa, na sikutaka kumwachia mwenzangu wa kesho deni hilo. Nikatumia DateTimeFormatterBuilder, zana ya Java ya kuunda muundo wa tarehe, na kuiandika miezi yote 12 kwa mkono ndani ya msimbo. Mkataba wa faili kati ya mifumo miwili usitegemee desturi ya lugha ya nchi yoyote. Kisha nikaongeza jaribio linalopitia kila mwezi, kuandika na kusoma.

Tulihama mwisho wa wiki, baada ya faili za usiku kutoka, huku seva ya Java 8 ikiwa tayari kurudishwa. Haikuhitajika. Kazi inayofuata ni Spring Boot 3, kiunzi cha kujengea programu za Java, inayodai Java 17 na kuhama kutoka majina ya vifurushi ya javax kwenda jakarta. Hiyo nitaifanya peke yake.