Karoti zako zimedumaa hapa Tanga? Weka urea chini kwanza, chomoa moja uitazame

Hili jambo linanikera kweli, acha niliseme. Hapa Tanga mtu akiona karoti zake hazinenepi, kitu cha kwanza anakimbilia dukani kwa wauza pembejeo anarudi na urea, anamwaga, majani yanapanda yanakuwa ya kijani mpaka raha, akija kuchomoa anakuta kimzizi kama mkia wa panya. Basi hapo hukumu inatoka: karoti ni za Lushoto bana, huku Pwani hazikubali. Jamani zinakubali! Zina masharti tu, na karibu masharti yote yako chini ya udongo ambako hatupeleki macho, tunabaki kushangaa majani.

Kwahiyo kabla hela haijatoka mfukoni chomoa karoti moja, au mbili tatu kutoka sehemu tofauti za tuta, zioshe, uzipange zote pamoja uziangalie. Mzizi wenyewe utakwambia umepata shida gani.

Tuanze na hiyo ya majani mengi na mzizi hakuna maana ndio ninayokutana nayo zaidi. Nitrojeni, ambayo ndiyo iliyomo kwenye urea, ikizidi mmea unakula unapeleka juu, hauna sababu ya kuweka akiba chini. Kama tuta lako lilitiwa samadi iliyooza vizuri msimu uliopita, urea ya nini tena? Ila mbolea sio mchawi peke yake, mara nyingi ni kubanana. Kuna mama mmoja jirani yangu Makorora aliniita uani kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, pita huku unitazamie hizi karoti mbolea nimetia mpaka nimechoka. Kuangalia, mbegu zimemwagwa mstarini kama zilivyotoka kwenye pakiti, miche imeshikana hata kidole hakipiti. Nikamwambia mama hapa inabidi tung'oe. "Tung'oe? Mwanangu chakula hicho!" Nikamuelewa, inauma kung'oa kitu kimeota vizuri, ila karoti kumi zikigombea nafasi ya mbili hazinenepi hata moja. Tukapunguzia mpaka kati ya mche na mche ikabaki sentimita 5 hivi, mistari yenyewe iachane 20 mpaka 30, tukafanya jioni udongo ukiwa umemwagiwa maji ili tukivuta mmoja tusitikise mwenzake. Akauliza, na hizi tulizong'oa si tuzipande pale pembeni? Hapana mama. Karoti haihamishwi kama mchicha au nyanya, ile ncha ya mzizi mkuu ikishakatika au kupinda, karoti inatoa miguu miwili mitatu na haitanyooka tena. Tukampa mbuzi.

Hapohapo umeshapata jibu la tatizo la pili, karoti zenye miguu, zile zinazopindana kama zinakumbatiana. Kama hukuhamisha miche basi ncha imegonga kitu. Ukanda wetu huu una mawe ya chokaa kila mahali, ndio mawe hayohayo yaliyotupa mapango ya Amboni, na ukichimba viwanja vingi vya Pongwe na kuelekea baharini hufiki mbali jembe linalia kwaa. Sasa mzizi laini vile utapita wapi? Tuta la karoti lichimbwe sentimita 30 kwenda chini, mawe yaokotwe, mabonge yapondwe, mizizi ya zamani itolewe, halafu uliinue tuta lenyewe. Kama uani kwako ni mawe matupu au udongo mfinyanzi unaoshika kama simenti, acha kupigana nao, chukua viroba au ndoo kubwa za lita 20, toboa matundu chini, jaza mchanganyiko wa kichanga na mboji iliyooza sawasawa. Mchanga usichote ufukweni, una chumvi. Na chagua aina fupi nene kama Chantenay, hizo hazihitaji kina kirefu kama zile ndefu za Nantes.

Samadi mbichi nayo inaleta miguu. Najua mtu ana banda la kuku pale uani anaona kabisa mbolea ya bure hiyo, lakini ikiwa bado ina moto wake inaunguza ncha ya mzizi na inasukuma majani. Iache ioze miezi kadhaa, au itie kwenye mchicha na bamia, kisha karoti ije baada yao. Ingawa kwenye bamia nina neno, ngoja nifike.

Ukichomoa ukakuta mzizi una vinundu vinundu, na vile vimizizi vyembamba vimejaa shanga, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Hiyo ni minyoo fundo, wadudu wadogo sana wa ardhini huwezi kuwaona kwa macho, wanaingia ndani ya mzizi na mzizi unavimba pale walipokaa. Wanapenda udongo wa kichanga wenye joto, yaani wanapenda kwetu. Na wanapenda nyanya, bilinganya na bamia kama wanavyopenda karoti, kwahiyo ukizungusha hayo mazao manne kwenye tuta lilelile unawabadilishia mboga tu. Bamia zako zikikauka kauka bila sababu, ng'oa moja uangalie mizizi kabla hujapanda karoti hapo. Tuta lenye vinundu lipumzishe, ng'oa mizizi yote uichome usiitupe kwenye mboji, halafu kipindi cha kaskazi lile jua la Januari na Februari litumie: lowesha udongo, funika na nailoni inayopitisha mwanga, bana kingo kwa udongo pasipite upepo, acha wiki 4 mpaka 6. Joto linawapunguza sana juu juu pale, sio wote maana wengine wako chini zaidi, lakini unapata nafasi ya kuvuna. Mboji nyingi pia inasaidia.

Sasa tuje kwenye joto, kwasababu hapa ndipo wanaosema "karoti ni za Lushoto" wana nusu ya ukweli. Karoti inajisikia vizuri kwenye nyuzi 15 mpaka 21 hivi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na ukipanda mlima joto linashuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, ndio maana karoti zinazoshuka kupitia Mombo kuja kwenye masoko yetu zinakuwa ndefu, nyekundu, tamu. Huku chini ukipanda Desemba zikakua kwenye joto la Februari linalopita nyuzi 30 mchana, zitakuja fupi, rangi imefifia, na zina kauchungu fulani ukitafuna mbichi. Hapo sio mbegu feki wala mbolea haihusiki, ni kalenda. Panda masika yakiwa yanaisha, mwisho wa Mei kuingia Juni na hata Julai, upate kusi lote na zile mvua za mchoo, usiku joto linateremka mpaka karibu nyuzi 20. Hiyo ndio dirisha letu sisi wa Pwani. Na ulizia Kuroda, ni aina inayovumilia joto kuliko nyingi, mimi sasa hivi simshauri mtu wa Tanga mjini aanze na nyingine, labda awe na udongo wa mawe au viroba, hapo ndio ile Chantenay. Karoti ndefu ya Lushoto usiitegemee, tegemea ya wastani, yenye rangi na utamu wake.

Wapo ambao hata cha kuchomoa hawana, mbegu hazikuota. Mbegu ya karoti ni ndogo, inakaa sentimita 1 tu chini, na inachukua wiki moja mpaka tatu kutokeza. Siku zote hizo pale juu pasikauke. Kwa jua letu ukimwagilia asubuhi tu, mchana udongo umeshafanya gamba na kile kichipukizi hakina nguvu ya kulipasua. Funika tuta kwa gunia au nyasi kavu, mwagilia humohumo juu kwa keni yenye matundu madogo, siku ukiona vya kijani vimeanza toa kifuniko jioni usisubiri kesho kutwa. Baada ya hapo kivuli cha makuti cha saa za mchana kinasaidia wiki za mwanzo, ila chini ya mwembe usipande kabisa, zinataka jua. Pakiti iliyofunguliwa mwaka juzi ikakaa dirishani na huu unyevu wa bahari usiitegemee, weka mbegu kwenye kopo linalofunga vizuri sehemu ya baridi. Na huku hatutoi mbegu wenyewe, karoti inahitaji kupita kwenye baridi ndipo itoe ua, baridi hiyo Tanga mjini hatuna.

Kuna kitu watu wa karibu na bahari hawakifikirii: maji ya kisima. Karoti ni katika mboga zinazochukia chumvi zaidi. Onja maji yako, kama yana ukakasi wa chumvi na udongo ukikauka unabaki na utando mweupe, ncha za majani zinakuwa kahawia, basi hata ufanye mengine yote sawa zitadumaa. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, au tumia ya bomba kwa hilo tuta moja. Na kwenye udongo wa mawe meupe ya chokaa usimwage majivu kila wiki kama tulivyozoea, udongo huo tayari umeelemea kwenye alkali, yaani kinyume cha uchachu, na majivu yanaongeza hiyohiyo, wakati karoti inataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6 mpaka 6.8 hivi. Mwenye eneo kubwa apeleke udongo wake TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo pale Muheza, wakaupime, hao kazi yao ni udongo.

Zilizopasuka ni maji ya kuyumba, siku nne ukavu halafu ndoo tatu kwa mpigo. Zenye mabega ya kijani ni kwamba zimechungulia jua, pandishia udongo kila ukipalilia.

Yule mama ameshanunua Kuroda anasubiri masika yapungue. Nimemwambia akishapanda aanze kuchomoa za kuonja kuanzia siku ya 75, zikifika unene wa vidole viwili avune, maana zikikaa ardhini kungoja zirefuke zinakuwa ngumu katikati.